Mpira Mweupe na Mpira Wenye Kovu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na miaka ile ya tisini sikukosa cha kunikasirisha. Nilikuwa kedi, mbeba mifuko ya wachezaji gofu, kwenye uwanja uliopakana na Kibera. Kila asubuhi nilitoka kwangu Soweto, mtaa wa humo humo Kibera, nikavuka reli, nikakaa kwenye banda la makedi kusubiri nambari yangu iitwe. Siku nyingine haikuitwa kabisa. Nikirudi, mama watoto aliangalia viatu vyangu tu. Kama havikuwa na nyasi alijua, wala hakuuliza.

Basi klabu ikatangaza kwamba inataka kedi mmoja wa kuwafundisha watoto wa wanachama. Kazi ya kila siku, ya sare, hakuna tena kusubiri nambari. Jumatatu, siku ambayo makedi tuliruhusiwa kucheza wenyewe, tukashindana mpaka tukabaki wawili tuliolingana: mimi na jamaa mmoja mrefu kutoka Kawangware. Kapteni wa klabu akaamua kwamba Jumatatu inayofuata kila mmoja atapiga mara moja tu, na atakayefika mbali zaidi ndiye mwalimu. Mpira kila mtu aje na wake.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nguvu nilikuwa nazo, na mkono niliuamini. Lakini kedi yeyote anajua kuna mipira inayokimbia na mipira inayokufa hewani, na mtu mmoja tu aliweza kuitofautisha bila kukosea. Alikuwa mzee wa Kawangware aliyeingia bwawa la uwanja kuokota mipira iliyopotea, akaiuza akiwa ameketi kwenye kibaraza cha bucha. Nikavuka Ngong Road kwa miguu, nikamfuata.

"Shemeji!" Ndivyo alivyomwita kila Mjaluo. "Nilijua utakuja."

Akamimina ndoo nzima. Akaidondosha mipira mmoja mmoja kwenye saruji kutoka usawa wa bega, akitazama unavyoruka, akisikiliza. Iliyoruka kivivu aliirudisha ndooni. Mwishowe ikabaki miwili. Mmoja mweupe kama umetoka dukani. Mwingine wa manjano kidogo, una kovu kama umeng'atwa na mbwa.

"Chukua huu wa kovu," akasema. "Nimeuokota kwenye nyasi juzi tu, haujaonja maji. Huo mweupe ni sura tu. Umelala matopeni msimu mzima wa mvua, mimi ndiye niliyeung'arisha na dawa ya kufulia."

"Mbona imeruka sawa?"

"Saruji inaweza kukudanganya, shemeji. Fimbo haidanganyi."

Nikacheka, lakini moyoni niliwaka. Yule mrefu alikuwa mtu wa kwao, wa kijiji kimoja. Walichangiana matanga na harusi. Nani atamnyima kazi mtoto wa kwao anipe mimi? Miaka ile Nairobi ulikuwa unaulizwa kwenu ni wapi kabla hujaulizwa hali. Nikajiambia, damu ni nzito kuliko maji. Mzee huyu anataka nipige takataka. Nikachukua yote miwili, nikamshukuru kwa heshima zote, mnafiki mimi.

Jumatatu ilikuwa baridi ya Julai, na manyunyu. Baridi hufanya mpira uwe mzito, kwa hiyo kila kedi hutembea na wake kwapani kuupasha joto, na mimi nilikuwa na mmoja kila kwapa. Nilitembea kama mtu mwenye majipu. Makedi walinicheka.

Mrefu akatangulia. Mpira wake ukapaa, ukashuka, ukaendelea kubingirika mpaka nikatamani kuukanyaga. Watu wakapiga kelele. Kisha wakanigeukia mimi.

Nikaingiza mkono ndani ya shati. Wa kovu ulikuwa kwapa la kulia, nikaushika, nikaona sura ya mzee akitabasamu kwenye kile kibaraza. Nikauacha. Nikatoa mweupe, nikauweka juu ya kijiti.

Sijawahi kupiga vizuri kama siku ile. Kiuno kilizunguka, mikono ikafuata, fimbo ikagonga katikati kabisa. Lakini sauti niliyoisikia ilikuwa ya mlango wa mbao. Mpira ukaenda moja kwa moja, mzuri, kisha ukachoka mapema. Kapteni alihesabu hatua mwenyewe. Nilipungukiwa na tisa.

Kesho yake mzee akaja bandani kuuza mipira yake. Makedi wote walikuwepo. Hakunisalimia, alinijia moja kwa moja.

"Shemeji, ulipiga upi?"

Hakuna aliyekuwa ameukagua mpira wangu. Ningeweza kusema ukweli, lakini ningelazimika kusema na sababu, mbele ya watu wa kwao na wa kwetu.

"Ule wako," nikasema. "Wa kovu."

Akakaa chini taratibu juu ya ndoo yake. Akasema yule mrefu alimwendea jioni ileile niliyochukua mipira, akiutaka mpira huohuo, akamwambia umeshachukuliwa na aliyetangulia kufika. Huko kwao sasa wawili hao hawasemeshani vizuri. Akasema kama ule ulishindwa, basi macho yake yamekwisha, na hafai kumchagulia mtu tena.

"Nimekukosesha kazi, mwanangu," akasema. "Nisamehe."

Alininyooshea mkono mbele ya banda zima. Nikaupokea, na nikamsamehe.