Kurasa Kumi na Moja za Nyuma

Innokenti Savvich Bereznoi alikuwa na jicho ambalo wenzake wa chumba cha hati, pale Leningrad, walimtania kuwa kaliazima kwa mwewe. Ukimpa karatasi kuukuu, hata kama ni kipande cha kujaa kiganja tu, ataiinua dirishani, ataitafuta chapa iliyojificha ndani yake, ataipapasa ukingoni, kisha atakutajia mwaka. Akikosea sana, alikosea kwa miaka mitatu minne. Sikio lake la kushoto lilikufa vitani, ikawa ukitaka akusikie sharti uzunguke upande wa kulia. Wenzake walisema ndiyo maana meza yake ameisukuma mpaka ukuta ukawa kuliani: hataki mtu amfikie.

Ukimtazama hivyo ungedhani hana la kujutia. Alikuwa nalo moja, na lilimkaa moyoni miaka thelathini.

Lilianza kiangazi cha mwaka 1957, naye ana miaka thelathini na sita, bado msaidizi wa watu wengine, tasnifu yake haijulikani itahusu nini. Alitumwa kaskazini, mto Pinega, kwenye vijiji vya watu wa imani ya zamani, wale ambao mababu zao walikataa vitabu vipya vya kanisa wakakimbilia misituni na vile vya kale. Huko, katika kijiji cha Kedrovka, aliambiwa yupo mjane mmoja, Mitrodora Yeremeyevna, mwenye kitabu ambacho amewafukuza watu wawili kwa ajili yake.

Innokenti hakutaja kitabu. Alipasua kuni, akageuza majani makavu, akaziba paa la nyumba ya kuogea. Chakula alikula mezani kwao, ila kikombe alipewa chake peke yake, kile kilichomeguka mdomo, kwa kuwa yeye ni mtu wa nje na anavuta sigara. Siku ya tisa mama yule akaja akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Wewe mwanamume, umepasua kuni za mwaka mzima. Unataka kunioa au unataka kitabu?"

"Kitabu, mama."

"Afadhali. Kuoa ningekukatalia."

Binti yake, Ulita, aliyekuwa akikanda unga, akacheka mpaka akajipaka unga usoni.

Mitrodora akanawa mikono, akamnawisha na yeye, akatoa sandukuni kitu kilichofungwa kwa kitani. Jalada lilikuwa la mbao na ngozi. Innokenti akakifungua, na kwa mazoea yake mabaya akapeleka kidole mdomoni ili afunue ukurasa.

"We! Unalamba kidole? Hiyo ni sahani ya uji?"

"Nisamehe, mama."

"Msomi mzima!"

Alichokiona humo hakukitarajia. Yalikuwa maisha ya watawa wa kaskazini, yameandikwa kwa mkono karibu miaka mia nne nyuma, na hakuna orodha yoyote duniani iliyoyataja. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa. Lakini mama mwenyewe hakuwa na subira na watawa. Alimpokonya, akakigeuza kitabu, akakifungua mwisho. Hapo palikuwa na kurasa kumi na moja za karatasi duni, zimeshonewa baadaye, kila moja na mwandiko wake, wino tofauti, mahali pengine penseli.

"Hawa ndio watu wetu," akasema.

Yalikuwa majina matupu ya marehemu wa ukoo ule, zaidi ya mia mbili. Kila Jumamosi ya kuwakumbuka wafu Mitrodora aliyasoma yote akiwa amesimama, asiruke hata la mtoto aliyeishi siku moja. Wengine hakuna aliyewajua tena. Walibaki kwenye zile karatasi na kinywani mwake. Innokenti aliyapitia haraka kwa adabu tu. Akakwama penye jina moja, Evpli, akaguna kwa kicheko.

"Unacheka nini? Huyo alizama mtoni akimwokoa farasi."

"Jina tu, mama. Sijapata kulisikia."

"Basi umelisikia."

Siku ya kuondoka akaomba aende nacho mjini, akinakili, akirudishe. Mitrodora hakujibu mpaka mtumbwi umeshafika. Ndipo akamkabidhi kile kifurushi.

"Majira ya baridi moja tu. Barafu ya mto ikivunjika, kiwe hapa."

"Naapa, mama, mbele ya…"

"Usiape! Sisi hatuapi. Sema ndiyo, inatosha."

"Ndiyo," akasema Innokenti, na wakati ule alimaanisha.

Mjini mkuu wa idara alikifungua, akakifunga, akakifungua tena, akamkumbatia mbele za watu. Muhuri ukagongwa ukurasa wa kwanza kabla Innokenti hajavua koti la safari.

"Hiki hakirudi kijijini kuliwa na panya," mkuu akasema. "Na wewe, ndugu, tasnifu umeshaipata."

Innokenti alifungua kinywa kusema kwamba ametoa neno lake. Baadaye alikumbuka vizuri kabisa kwamba alikifungua, na kwamba alipolisikia lile neno tasnifu alikifunga. Hakuna aliyemtisha wala kumziba mdomo.

Majira ya baridi yale kitabu kikapelekwa kwa Lidia Genrikhovna, fundi wa kukarabati, mwanamke mpole ambaye vidole vyake vilinuka gundi daima. Akamzungukia upande wa sikio zima.

"Innokenti Savvich, hizi kumi na moja za nyuma nizifanyeje? Zinavuta uti wa kitabu. Nikizirudisha, zile za kale zitapasuka."

"Zitoe. Ni za juzijuzi, hazina faida kwa elimu."

"Zina majina ya watu."

"Kijiji gani hakina majina ya watu? Zitoe, Lidia Genrikhovna."

"Basi nitilie saini."

Akatia. Zikawekwa ndani ya bahasha, bahasha ikawekwa kabatini, na miaka michache baadaye, ghala lilipohamishwa, kabati lilifika na bahasha haikufika. Wakati huo hakuna aliyeiulizia.

Barafu ikavunjika. Barua ikaja, mwandiko wa Ulita: "Barafu imekwenda. Mama anauliza." Aliisoma amesimama karibu na dirisha. Angejibu nini? Kwamba kina muhuri? Akasema atajibu Jumapili, na Jumapili akasema ngoja kwanza azungumze na mkuu, na hakuzungumza naye. Ya pili ilipofika, aliutambua mwandiko, akaitia mtoto wa meza bila kuifungua. Ya tatu ikaifuata ya pili. Zikafika sita.

Mwaka 1964 kazi yake juu ya kile kitabu ilitoka, nene, yenye picha, akapata uprofesa. Wageni wa mbali waliandika kumpongeza. Nyumbani siku hiyo mkewe, Raisa, alipika samaki kwa viazi, akawasindikiza wageni mlangoni, kisha akaja kukaa kuliani kwake.

"Kesha," akamwita kwa jina la nyumbani, "yule mama wa kijijini umemwandikia?"

"Nitampelekea nakala. Nakala ya mkono, kama kile chenyewe."

"Lini?"

"Nikimaliza."

Na kweli aliianza. Akachonga manyoya ya bata bukini, akachemsha wino mwenyewe, akaandika kwa herufi za kale, ukurasa mmoja kwa juma. Mstari ukipinda kidogo anachana anaanza upya. Raisa alimwambia wazi, "Huyo mama ana umri. Mpelekee ulichonacho." Akajibu kwamba hawezi kumpelekea kazi ya ovyo. Ukweli, nao alikuja kuukiri mwenyewe, ni kwamba kunakili kulikuwa rahisi kuliko kwenda.

Ilimchukua miaka saba. Kiangazi cha mwaka 1971 alipanda tena mto Pinega, nakala kifuani. Nyumba nyingi Kedrovka zilikuwa zimepigiliwa mbao madirishani. Ulita alimfungulia, nywele zimeanza mvi.

"Ni wewe."

"Ni mimi, Ulita. Mama yuko?"

"Mama tumemzika mwaka juzi, siku za kuvuna viazi."

Akamkaribisha, maana mgeni hafukuzwi. Innokenti akaweka nakala mezani akaanza maelezo marefu: wino ni ule ule, herufi ni zile zile, hakuna nukta iliyoachwa. Ulita akanawa mikono. Hakuwatazama watawa hata kidogo. Akaigeuza nakala, akaifungua mwisho, akafunua nyuma, akafunua mbele, akarudi nyuma tena.

"Watu wetu wako wapi?"

Hakuelewa mara moja, au alijifanya haelewi. Kisha akamweleza, kwa sauti ndogo, habari za uti wa kitabu.

"Lakini mama si alikuandikia?" Ulita akauliza. "Kitabu alikidai barua ya kwanza tu. Ya pili akasema, kama kitabu wamekichukua wakubwa, basi kaa nacho, utuandikie majina utuletee. Nyingine karibu zote ni hayo hayo, majina. Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Hukuzipata?"

"Nilizipata."

"Ukazisoma?"

Innokenti akainamisha macho kwenye nakala yake. Ulita akaelewa, akageuza uso kuelekea jiko la ukutani.

Kisha akamsimulia. Mama yake kwa miaka mingi aliyasema majina kwa kichwa, ila uzee ulipomkamata alianza kuyapoteza, moja Jumamosi hii, mawili ile. Alilia kama aliyepoteza watoto sokoni. Siku za mwisho Ulita alikaa kitandani na daftari la shule akiandika kila alilolitamka. Yalipatikana arobaini na moja.

"Wewe uliyaona," akasema. "Wewe msomi. Unakumbuka nini?"

Innokenti Savvich alifumba macho. Kitabu kile alikijua kuliko mtu yeyote. Angeweza kukutajia ukurasa upi una doa la nta. Za nyuma hakuzikumbuka. Alijaribu mpaka jasho likamtoka.

"Evpli," akasema hatimaye. "Aliyezama na farasi."

Ulita akafungua daftari, akapitisha kidole chini polepole mpaka mwisho wa orodha. Halimo. Akachukua penseli, akaliandika la arobaini na mbili.

"Jingine?"

"Sina jingine."

Nakala aliipokea, akasema imeandikwa vizuri, akaiweka rafu ya juu. Hakuitumia kwa sala, kwa kuwa aliyeiandika ni mvuta sigara.

Aliporudi mjini alizifungua zile barua tano, zote siku moja asubuhi, Raisa akiwa pembeni. Ilikuwa kama alivyoambiwa. Ya mwisho tu haikuomba chochote. Mitrodora alisema kwamba kimya kirefu namna hii lazima mtu awe anaumwa, na kama anaumwa aeleze ni nini, wamtumie matunda makavu ya msituni, yanasaidia kifua. Raisa aliisoma akaondoka kwenda jikoni.

Kuanzia hapo alitafuta ile bahasha. Alishuka ghala la chini kila Ijumaa, akafungua makasha ambayo hayakumhusu, akamhoji Lidia Genrikhovna, mstaafu sasa, ambaye alikumbuka rangi ya bahasha tu. Wanafunzi aliwakataza kutoa kitabuni hata kipande cha uzi. Kazi yake ilipochapishwa mara ya pili, aliandika ukurasa mmoja wa kueleza alichokifanya. Mhariri akamrudishia kwa heshima: "Innokenti Savvich, huu ni ukurasa mzuri, lakini si elimu." Angeweza kubishana naye, alikuwa mtu mkubwa wakati huo. Hakubishana.

Kila masika alimwandikia Ulita kumwomba radhi, naye Ulita alijibu mara mbili, maneno machache ya habari za mto na afya. Neno la kusamehe hakuliandika, wala la kulaumu.

Mwaka 1987, macho yakiwa hayafai tena kwa chapa za karatasi, alistaafu. Siku ya mwisho, kabla ya keki na hotuba, aliomba kadi ya kitabu kile kutoka kwenye orodha ya maktaba. Chini ya maelezo yaliyopigwa chapa, kwa mwandiko wake, akaongeza mstari mmoja: kwamba mwishoni palikuwa na kurasa kumi na moja za majina ya watu wa Kedrovka, na kwamba zilitolewa kwa amri yake. Akatia saini jina lake kamili, akairudisha kadi mahali pake, akaenda kusikiliza hotuba kwa sikio la kulia.