Mama Pelagia kwenye Njia ya Viboko

Mimi Tekla simvumilii mtu anayemsema mume wangu, na waliomsema walikuwa wengi. Enzi hizo za Mwingereza Raymundi alikuwa askari wa wanyama, chini ya Bwana Nyama, yule mzungu mkuu wa wanyamapori, kule mto Ugalla. Wenzake Urambo walilima tumbaku wakaezeka bati. Sisi tulikaa porini, tunaamshwa na viboko.

Basi mama yangu, Pelagia, akatoka kwao Urambo, akapanda treni ya Mpanda kuja kututembelea. Hakuficha lililomleta. Aliposhuka tu stesheni akaniambia, "Nitauona huo mto wenu. Nikikuta si mahali pa binadamu, naondoka nawe na watoto."

Pale mahali nilipapenda, na yule mwanamume nilimpenda, ndiyo, nasema hivyohivyo.

Asubuhi yake Raymundi akatuongoza mtoni. Sasa, kwetu Wanyamwezi, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo Raymundi alitangulia mbele kabisa, bunduki begani, akawa anazungumza nami ili mama asikie.

"Mama watoto, waambie wageni, yale yanayofanana na mawe kule majini ni viboko. Yule mdogo amezaliwa masika haya."

Watoto wakapiga makofi. Mama naye nilimwona anainua shingo.

Mara Raymundi akasimama, akageuka, akaja kwetu mbio mkono juu. Alikuwa amesikia kitu. Mimi nikawavuta watoto juu ya kichuguu. Mama je? Mama alimwona mkwe anamjia uso kwa uso, akafanya alivyolelewa: akajifunika kanga usoni, akaingia majanini. Masikini! Akasimama palepale kwenye njia ya viboko, ile wanayorudia mtoni wakitoka malishoni. Na mmoja alikuwa anakuja, majani yanavunjika.

"Mama, toka hapo!" Raymundi alimwita mwenyewe, bila kupitia kwangu.

Mama ndio kwanza anazidi kuinama. Jamani, nilipiga yowe! Raymundi akaweka adabu kando, akamshika mama yangu kiunoni, akambeba mpaka kichuguuni. Kiboko akapita, akajitupa majini. Bunduki haikulia.

Jioni mume wangu hakuja kula. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameshika kichwa.

"Nimemshika mkwe wangu, Tekla. Mwache akuchukue. Sina uso tena."

"Huna akili, siyo uso!" nikamwambia. Hasira zilinipanda, machozi nayo yakanitoka. "Ungemwacha afe ndiyo ungekuwa na adabu?"

Sijamaliza, mama huyo, kazunguka nyumba na ugali mikononi, kanga iko mabegani. Raymundi akaugeukia ukuta. Mama akaketi chini nyuma yake.

"Tekla, acha kumfokea mumeo. Baba yako tumeishi naye miaka yote hiyo, hajanibeba hata siku moja." Akacheka peke yake. "Geuka, mwanangu. Nikifika Urambo wataniuliza binti yangu nimemwacha na nani. Nataka niwaambie unafananaje."

Raymundi akageuka polepole. Mama akamtazama usoni mpaka akatosheka, akanawa mikono, wakala sahani moja.