Penalti ya Iringa

Mwaka ule timu yetu ya chuo cha ualimu, kule kwenye vilima vya Mbeya, ilikuwa haijafungwa na mtu. Mimi nilikuwa golikipa. Tulicheza pekupeku, wachache wakiwa wamefunga bendeji miguuni, na asubuhi za mwezi wa sita nyasi zilikuwa za baridi kiasi kwamba ukipiga mpira kwa kidole gumba unausikia mpaka kwenye meno. Tulizifunga shule za misheni, tukawafunga polisi wa mjini, tukawafunga makarani wa boma waliocheza na viatu vyao. Kila Jumamosi jioni bwalo la chakula lilivuma kwa nyimbo.

Kapteni wetu alikuwa Mhehe wa upande wa Iringa. Alicheza senta hafu. Mtu mrefu, asiyependa maneno. Sisi wengine wengi tulikuwa Wanyakyusa na Wasafwa, na Wabena wawili watatu. Uwanjani hakuna aliyeuliza kabila la mtu, mpaka siku ilipokuja kwetu timu ya chuo cha Iringa.

Senta fowadi wao aliruka kutoka kwenye lori, akamkimbilia kapteni wetu na kumkumbatia. Kumbe ni mdogo wake, tumbo moja. Tulicheka, tukawapigia makofi. Jioni hatukucheka tena. Kijana yule alimpita kaka yake mara mbili, na mara zote mbili akanifunga mimi. Tulisawazisha kwa taabu, giza likiingia.

Winga wetu wa kulia, Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa na mbio na alikuwa na mdomo. Tukiwa kwenye foleni ya ugali alisema bila kushusha sauti, "Mtu atamkabaje aliyenyonya naye titi moja?"

Kapteni alikuwa mbele yetu na sahani yake. Alipokea ugali wake, akaondoka.

Tangu siku hiyo mambo yakaharibika. Hatukupigana wala kutukanana, na afadhali tungetukanana. Mazoezini mpira ukawa haumfikii. Anaomba pasi, mtu anajifanya hajasikia. Akiingia bwenini, mazungumzo yanakatika. Mechi zilizofuata tulishinda zote, lakini bila nyimbo. Na mechi moja kubwa ilikuwa bado inatungoja, ya marudiano kule Iringa. Kombe tulilolishindania lilikuwa kwao tangu mwaka uliotangulia, na kanuni ilikuwa kwamba wakitoka sare nasi linabaki kwao. Ilikuwa lazima tushinde.

Mwalimu wa michezo, mtu mpole, alituita mimi na kapteni ofisini kwake, kwa kuwa mimi nilikuwa kapteni msaidizi.

"Ukitaka kupumzika mechi hii," alimwambia kapteni, "nitasema unaumwa. Hakuna atakayekulaumu."

"Siumwi, Mwalimu."

"Najua huumwi."

"Basi nitacheza."

Tulisafiri kwa lori la chuo, tumekaa juu ya magunia, vumbi la barabara kuu likitupaka wote rangi moja. Chimala tulishuka kunyoosha miguu. Igawa tulikula viazi vitamu na karanga. Kapteni alikula peke yake, ameegemea tairi. Nilitaka kwenda kukaa naye. Nikaangalia wenzangu, nikaona macho yao, nikaendelea kumenya karanga zangu.

Uwanja wa Iringa ulikuwa umejaa watu kabla hatujafika. Kando ya mstari alisimama mama mmoja mwembamba, kaniki mpya mabegani. Kapteni alimwendea, akapiga goti kidogo, wakasalimiana, "Kamwene, kamwene." Alikuwa mama yao. Alikuwa ametoka kijijini kwa miguu, hajapata kuona mpira maisha yake yote. Winga aliwatazama, akatema mate chini.

Refa alikuwa padre mmoja Mzungu aliyepandisha kanzu yake na kuichomeka kwenye mkanda ili apate kukimbia. Alipiga filimbi, mpira ukaanza.

Lazima niseme kweli: siku ile kapteni alicheza kama mtu anayezima moto. Mdogo wake alipogeuka, alimkuta. Aliporuka, alimkuta. Mara moja waligongana vichwa, na nikamsikia mama yao akiguta kule kando. Winga wetu naye alikimbia kama swala, na kabla ya mapumziko alifunga bao zuri sana. Moja kwa sifuri. Kipindi cha pili walitubana golini kwetu mpaka nikasahau kama uwanja una upande mwingine.

Muda ulikuwa unakaribia kwisha. Mpira mrefu ulipita juu ya mabeki wetu, na yule kijana akaupata akiwa peke yake. Kapteni akamfukuza. Mimi nikatoka golini. Palepale mbele yangu kapteni alijinyoosha chini. Mguu wake ulipiga kifundo cha mdogo wake kwanza, kisha mpira. Kijana akaanguka vumbini, mpira ukajiviringisha mpaka mikononi mwangu.

"Penalti!" uwanja mzima ukapiga kelele.

"Mpira! Amecheza mpira!" winga wetu alikuja mbio, mikono juu.

Padre alikuwa mbali, amezibwa na migongo ya wachezaji. Alikuja akihema, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasimama mbele ya kapteni.

"Wewe kapteni. Uligusa mguu wake kabla ya mpira?"

Kelele zikafa. Nilikuwa nimeukumbatia mpira kifuani. Nilitamani aseme hapana. Nilitamani hata akae kimya, maana kimya kingetosha.

"Niligusa, Padre," alisema.

Mdogo wake ndiye aliyepiga. Nilijirusha upande uleule alioupigia, vidole vyangu vikaugusa mpira, nao ukapita. Tukawa sare. Filimbi ya mwisho ililia muda mfupi baadaye. Kombe likabaki Iringa.

Njiani kurudi, Mwalimu alikaa mbele na dereva. Nyuma tulikuwa sisi kwa sisi. Hatukuwa tumefika mbali winga alipoinuka, ameshika ubao wa lori.

"Gongeni wasimamishe gari! Huyu ashuke, abaki kwao."

Wengine wakaitikia. Kapteni alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha winga akanigeukia mimi.

"Wewe ulikuwa karibu. Alimgusa au hakumgusa?"

Wote wakanitazama. Nilijua jibu walilolitaka.

"Alimgusa," nikasema. "Mguu kwanza, halafu mpira."

"Na wewe ungeulizwa, ungesema?"

"Sijui."

Kapteni akainua kichwa. "Msimu mzima mmenitazama kama mwizi," alisema taratibu. "Mkitaka nishuke, nitashuka. Lakini padre aliniuliza mimi. Hakuwauliza ninyi."

Hakuna aliyegonga. Lori likaendelea mpaka Mbeya, tukikohoa vumbi.

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu kwake, na kidogo kwangu pia. Bwaloni tulikaa wawili mwisho wa meza. Alimpelekea Mwalimu neno kwamba anaacha ukapteni. Mimi nilidhani ataacha na chuo, maana usoni alikuwa amekonda.

Muhula mpya ulipoanza Mwalimu alitukusanya uwanjani tuchague kapteni. Aliuliza nani anapendekezwa. Kila mtu akawa anachezea nyasi. Ndipo winga akasema, kwa hasira, bila kumtazama mtu, "Mnangoja nini? Kuna mwingine hapa? Mpeni huyo Mhehe wenu, twende tukacheze. Baridi inatuua."

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja. Kapteni alisimama pale amekunja mikono, hajui aweke wapi macho. Winga hakumpa mkono siku ile. Lakini mazoezi yalipoanza, mpira wa kwanza alioupata, alimpelekea yeye.