Piano Iliyoguna

Mpakiaji aliyeletwa kutoka Arusha kuhamisha piano ya mtaalamu wa shamba la ngano hadi kanisani Katesh alikuwa mtu wa kupapasa kabla ya kushika. Alipapasa miguu ya piano, akapapasa ubao wa kupandia lori, akapapasa kila mkanda kwa vidole vyake vinene, akinong'ona, "Taratibu, wazee." Yoakimu, aliyewaita majirani waje kubeba, hakumwelewa. Enzi zile ukiita watu walikuja, na kubeba walijua: mgonjwa walimshusha mlimani mabegani mwao, bila mkanda wowote. Leo hata jeneza husubiri gari. Wakainua. Katikati ya ubao piano ikaguna tumboni, mguno mrefu wa maumivu, na majirani wote kwa pamoja wakaitua. Ikaanza kuteleza kurudi chini. Kwaya ya kanisa haikuwa na piano nyingine ya kutegemea. Mpakiaji alijitupa nyuma ya piano, akaikinga kwa mgongo, mpaka walipoishika tena na kuifikisha ndani ya lori. Akakaa akihema, akaipapasa miguu ya piano kabla ya kuugusa mgongo wake.

"Mbona mlitua, mzee?"

"Si imelia?" Yoakimu akashangaa. "Mgonjwa akilia tunamtua, tunampa maji."

Yule mtu akamkodolea macho, Yoakimu asijue kama anakasirika au anazuia kicheko.

"Sawa, mzee. Huyu akilia tena, msimtue. Na maji msimpe."

Letisia, mke wa Yoakimu, alikuwa ameshafika na kibuyu cha maji. Akasimama nacho pale, asijue amnyweshe nani.