Trekta Lililovutwa na Ng'ombe

Kama uko kwenye lile grupu la WhatsApp la kijiji, video umeshaiona, usijifanye. Ng'ombe wanne wamefungwa minyororo, wanalivuta trekta jekundu kulipandisha mwinuko wa nyuma ya zizi, na kwenye usukani amekaa Mama Ngassa, kilemba kichwani, ametulia kama anaendesha gari la bibi harusi. Wakifika juu, ng'ombe wanafunguliwa, trekta linaachiwa mteremko, mama anaachia klachi, linakohoa, linawaka. Chini mtu kaandika: "Jembe la ng'ombe toleo jipya." Watu wakacheka mpaka Geita.

Kamili hakucheka. Si kwamba ana roho nzuri kuliko sisi, hapana. Kamili huchelewa kucheka kama anavyochelewa kila kitu. Aliirudia video mara tatu, simu kaiweka sikioni, anasikiliza mlio.

"Injini nzima kabisa," akasema peke yake.

Huyu Kamili ni fundi umeme wa magari pale Kharumwa, kibanda cha mabati karibu na stendi. Mali yake ni mita moja iliyofungwa mpira wa baiskeli, na taa ya kupimia aliyoitengeneza mwenyewe, balbu ndogo yenye nyaya mbili. Vijana wa bodaboda wanamwita Hakimu, maana hagusi kitu kabla hajahoji. Ilianza lini? Nani aligusa mwisho? Unampelekea honi, unaondoka umetubu.

Halafu ana ugonjwa mmoja: hajui kumezea. Mwaka juzi alimwambia katekista, mbele ya kwaya nzima, "Spika haijafa, ni wewe umechomeka kinyume." Waimbaji wa soprano waliangua kicheko, hata wimbo wa kutolea sadaka ukawashinda. Katekista akahamia kwa fundi mwingine, na nusu ya parokia ikamfuata. Kamili mpaka leo anajiuliza kosa lake lilikuwa nini, kwani si ndivyo ilivyokuwa? Lakini siku hizi anajiuliza mara nyingi zaidi.

Alhamisi Mama Ngassa akampigia. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Baba, naomba uje kesho. Jumamosi wanalichukua."

Mume wake, marehemu Ndaki, alimwachia trekta lile. Kabla ya msiba mama alikuwa hajawahi kushika usukani. Alijifunza mwenyewe kwenye shamba lililovunwa, na mahindi ya jirani yalimkoma. Sasa analima kwake na kwa nusu ya kitongoji. Ila tangu msimu uanze, betri inalala kila siku. Shemeji yake, Luka, akapata mteja mwenye karasha ya kusaga mawe ya dhahabu, anataka injini tu. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua: mpaka Jumamosi kama haliwaki lenyewe, liuzwe. Na mvua ilikuwa imeshanyesha mara mbili.

Ijumaa asubuhi Kamili akafika na boda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwangaluka," akaongeza salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

Luka alikuwepo, mkono kiunoni. Msimchukie haraka. Huyo ndiye anayefunga ng'ombe na kuvuta minyororo kila asubuhi, mgongo umeisha.

"Fundi wa tatu huyu," Luka akasema. "Wa kwanza alisema betri, tukanunua. Wa pili akasema ile altaneta ya kuchaji betri imekufa. Wewe utasema nini, majini?"

"Mimi bado sijasema."

"Basi sema mapema, mteja anataka kujua kama anakuja na lori."

Kamili akaanza maswali yake. Betri ilichajiwa lini? Jana, dukani kwa mtu wa sola. Injini ikiwaka inazima njiani? Hapana, ila ukishalima ukazima, haiwaki tena. Kuna siku inakubali? Mama Ngassa akafikiri. "Nikienda nalo barabarani mbio mbio, siku moja moja inakubali. Shambani kamwe."

Hapo Kamili akainua nyusi. Kitu kilichokufa hakikubali siku moja moja.

Akapima betri: volti kumi na mbili na nusu, safi. Mama akapiga stata, na kwa vile betri ilikuwa imetoka kuchajiwa, injini ikawaka. Akapima tena: kumi na mbili na kidogo, inashuka. Ingepanda kufika kumi na nne kama altaneta ingekuwa inarudisha kitu. Akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, umekaza. Akaomba izimwe, swichi ibaki imefunguliwa. Waya mnene wa altaneta una umeme. Ule mwembamba, hakuna kitu.

"Nilijua," Luka akasema. "Imekufa."

"Kaka, mtu mwenye njaa na maiti wote wanalala chini. Unapima kwanza."

Akachukua balbu yake, waya mmoja kwenye betri, mwingine kwenye altaneta, pale unapofungwa ule waya mwembamba. Balbu ikawaka. "Piga stata, mama." Injini ikanguruma, na balbu ikafifia, ikazima yenyewe. Mita ikapanda: kumi na tatu, kumi na tatu na nusu, kumi na nne. Kamili akatabasamu, tukio ambalo Kharumwa hutokea kama kupatwa kwa jua.

"Altaneta nzima. Ilikuwa haiamshwi. Kaka, niletee spana namba kumi kwenye begi, iko kwenye boda kule."

Luka akaenda. Kamili akazima injini, akaufuata waya mwembamba mpaka kwenye dashibodi, akaingiza kidole nyuma. Tundu la taa ya chaji, tupu. Balbu haikuungua wala haikudondoka. Ilitolewa na mtu mwenye mkono wa taratibu, maana hata rangi ya pembeni haikuchubuka.

Akageuka. Mama Ngassa alikuwa ameshika ncha ya kitenge.

"Ile taa nyekundu ndogo?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ninayo ndani, kwenye kopo la vifungo. Kila nikifungua swichi ilikuwa inawaka. Nikasema inakula betri. Si hata nyumbani, sola, tunatoa balbu za vyumba visivyo na mtu ili tufike asubuhi?"

Kamili akafungua mdomo. Mnamjua. Sentensi ilishafika kwenye meno: *Ni wewe umeliua.* Ilikuwa kweli tupu, kama ile ya katekista. Akamwona Luka anarudi na spana mkononi. Akaona pia wazee Jumamosi, wakitikisa vichwa: mwanamke na trekta wapi na wapi.

Akaimeza. Ilimkwama kooni kama mwiba wa sato.

"Kailete, mama," akasema polepole. "Umeme wa swichi unapita kwenye hiyo balbu ndo unaenda kuiamsha altaneta. Ikishaamka, inaizima. Ukikimbia sana inaweza kujiamsha yenyewe, ndiyo maana barabarani ilikubali. Ile taa ikiwaka haili betri. Inaita."

Mama akaingia ndani, akatoka na ngumi imefumbwa. Kamili akaichomeka balbu wakati Luka anafika.

"Haya, tatizo lilikuwa nini?"

"Taa ya chaji haikuwepo. Nimeweka."

"Nani alitoa?"

Kamili akafuta mikono kwanza.

"Mimi natafuta hitilafu, kaka. Watu siwatafuti."

Luka akamtazama yeye, akamtazama shemeji yake, muda wa kutosha mtu mwenye akili kuelewa. Halafu akainama, akashika kiuno. "Yaani mgongo wangu wote huu, kwa kibalbu cha ukubwa wa punje ya hindi?"

"Kwa kibalbu, shem," Mama Ngassa akasema, na hapo ndipo alipocheka, machozi yakimtoka.

Wakajaribu mara nne. Zima, washa, zima, washa. Kila mara swichi ikifunguliwa taa nyekundu inawaka, na Mama Ngassa, aliyekuwa akiiogopa, anaikazia macho mpaka ifife ndipo anapumua. Mara ya tano hakuzima tena. Akaingiza gia.

Luka alikuwa amesimama njiani na ng'ombe wake, simu sikioni. "Ee bosi, lori usilete... hapana, si bei... linawaka."

"Shem!" Mama Ngassa akapaza sauti juu ya mngurumo. "Nitolee ng'ombe wako barabarani, watu tunaenda kulima!"