Ufa kwenye senti hamsini

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa muuzaji wa duka la kijiji chetu, upande wa Pito. Kila Ijumaa nilipeleka makusanyo benki, Sumbawanga mjini. Pale palikuwa na karani mmoja, mtu wa Mbeya, mpole, aliyependa sarafu zenye kasoro za kiwandani. Ndiye aliyenifundisha kuzitazama. Nyingi, aliniambia, hazizidi thamani iliyoandikwa juu yake, ila moja moja mtu mwenye mapenzi nazo huongeza kidogo.

Alhamisi moja baba yangu alikuja dukani kununua chumvi. Alikuwa mhunzi, na senti hamsini aliyonipa alikuwa amelipwa kwa kutengeneza jembe. Katibu wa kijiji, aliyekuwa ameegemea kaunta, aliiona kabla yangu. Juu ya masikio ya sungura aliyechorwa kwenye sarafu palikuwa na mstari mwembamba hadi ukingoni.

"Mzee, siku hizi unafua na hela?" akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alimwambia baba afike Jumamosi mbele ya halmashauri ya kijiji aieleze sarafu yake, na akamrudishia, maana yeye katibu hakutaka ikutwe mfukoni mwake. Baba alitoka bila chumvi. Mtu aliyefua majembe ya kijiji kizima anaitwa mghushi wa hela mbele ya binti yake! Niliumia.

Kesho yake nilimweleza karani. Aliuliza swali moja tu: mstari umezama au umeinuka? Nikasema umeinuka, niliupitishia ukucha. Akatabasamu. Mkwaruzo huzama, akasema. Huo umeinuka kwa sababu muhuri wa kiwandani, ule unaopiga picha kwenye sarafu, ulipasuka, na madini yakaingia kwenye ufa. Hakuna mhunzi anayeweza kuuongeza pale. "Mwambie mzee asiiguse. Ikishamalizika kesi yake, nitainunua shilingi tano."

Shilingi tano kwa senti hamsini. Nilirudi nyumbani nikitembea haraka.

Baba alikuwa kwenye kibanda chake cha kufulia chuma. Nilisikia tupa ikisaga, polepole, kwa uangalifu. Kwetu mwanamke haingii pale mhunzi akiwa kazini, na mimi nilikua nikiijua miiko hiyo kabla ya kujua kusali. Nikakaa nje nikichambua maharage. Nilidhani ananoa jembe la mtu.

Alipotoka giza lilikuwa limeingia. Nikamwamkia, akaitikia kwa shida, akala kidogo, akalala. Ningeweza kumwambia wakati ule. Nikanyamaza, na nitasema ukweli: nilitaka sifa. Nilitaka baba amsikie binti yake akimtetea mbele ya watu wote.

Jumamosi nilisimama kwenye kikao nikaeleza kila kitu, muhuri, ufa, ukucha. Wazee wakanisikiliza vizuri. Mwenyekiti akanyoosha mkono kwa baba, naye akaiweka sarafu kwenye kiganja chake bila wasiwasi.

"Nimeirekebisha," baba alisema. "Mhunzi hawezi kuacha chuma kina kasoro. Sasa ni safi."

Juu ya sungura hapakuwa na mstari. Palikuwa na alama mpya za tupa, zinang'aa. Ushahidi wangu ulikuwa umesagwa, na tupa ni ya mhunzi. Walichukua nyundo, koleo na mvukuto wakavifungia kwenye stoo ya kijiji mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi haukuisha. Majembe ya watu yakaanza kupelekwa kwa wahunzi wa Laela.

Jioni ile baba alikaa mlangoni, mikono yake haina kazi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

"Nilipokuwa nasaga," akaniuliza, "ulikuwa umesharudi?"

"Nilikuwa nimesharudi, baba. Nilikuwa hapo nje. Niliogopa miiko."

Akaitazama mikono yake.

"Mwanangu," akasema, "ungeniita tu."