Kumtafuta Dada Yake Bibi

Habari kwamba nimechaguliwa kwenda Omani kusoma Kiarabu likizo nzima ya kiangazi ilifika Magarama, mtaa wetu wa Gitega, Burundi, kabla yangu. Nilipoingia kwenye kichochoro chetu nikitoka chuoni, wanawake wanaouza mkaa pale kona walikuwa wameshajua, na baba yangu, fundi cherehani, alikuwa ameacha kazi anisubiri mlangoni. Baba si mtu wa maneno mengi. Alinishika mkono akasema, "Bon, enda usome. Sisi tulisoma Kurani bila kuelewa. We utakuja kutuelewesha." Kisha akarudi kwenye cherehani yake na kushona kwa kasi kuliko kawaida.

Mama ndiye aliyesema siwezi kupanda ndege kabla ya kwenda Muyinga kumuaga bibi.

Bibi, mama yake mama, alikuwa akikaa Muyinga mjini, mtaa wa Waislamu, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu babu. Nilimkuta uani, amekaa mkekani mguu mmoja ameunyoosha mbele, anapepeta mchele. Nilipomtajia nchi ninayokwenda, aliuweka ungo chini.

"Omani? Omani kabisa?"

"Ndiyo, bibi."

"Mi niko na dada yangu huko."

Sikuwahi kusikia habari za dada huyo. Baadaye mama alikiri kwamba alizijua, ila hakuona faida ya kuzifufua. Bibi alinieleza mchana ule wote. Mama yao alikuwa binti wa wakulima wa Mwakiro. Mume wake wa kwanza alikuwa Mwarabu wa Omani aliyefungua duka la vitambaa Muyinga, zamani, kabla ya uhuru. Walizaa binti mmoja, kisha wakaachana. Mama yule akaolewa tena, na Mrundi mshona viatu, akamzaa bibi yangu. Wasichana hao wawili walilelewa nyumba moja na kulala kitanda kimoja, mpaka Mwarabu alipofunga duka lake na kuja kumchukua mwanawe. Alisema anampeleka Omani kuwaona shangazi zake, kisha atamrudisha. Bibi alikuwa mdogo, lakini alimkumbuka dada yake akipanda gari amevaa gauni jipya, anacheka, kwa maana hakuwahi kupanda gari maishani mwake.

"Hakurudi," bibi alisema. "Mama, kila akisikia gari inateremka njia ya Kobero, ile ya mpakani, anasimama. Hata kama iko na sufuria kwa moto, anasimama. Mpaka amekufa."

Alinitajia jina la dada yake, jina la baba wa dada yake, na mji wao, Nizwa. Akanifanya niyarudie yote mpaka aliporidhika.

"Ukimwona, umwambie tu niko hai. Sitaki kitu ingine."

Chuo chetu kilikuwa Maskati. Nilizoea kiangazi cha Gitega, vumbi jekundu na asubuhi zenye baridi ya kukunja mabega. Kule ukifungua mlango saa tatu asubuhi ni kama umefunua chungu kinachochemka. Tulisoma ndani, madirisha yamefungwa, na mwalimu wetu alinicheka kwa upole kila nilipozungumza, maana Kiarabu changu kilikuwa cha vitabu vya madrasa, nami niliomba maji kwa lugha ya khutba ya Ijumaa.

Aliyenisaidia kuzoea ni mama msimamizi wa bweni la wasichana, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Siku ya kwanza aliposikia nikisema "mi niko na njaa," alikaa chini akacheka.

"Mwanangu, Kiswahili hicho umekiokota wapi?"

"Gitega, mama."

"Basi kibakishe hukohuko, hapa sema Kiarabu."

Lakini yeye mwenyewe aliniita kila jioni tunywe kahawa, tuzungumze hichohicho Kiswahili. Ndiye niliyemweleza habari za bibi. Alisikiliza, akaniambia nimpe muda, kwani Omani ni kama kijiji kimoja. Haikupita hata wiki, akaja na jibu. Yule mzee mwenye duka alikwisha kufa miaka mingi, ila binti yake aliyetoka naye Afrika yuko hai, ana wana na wajukuu, na watu wa Nizwa wanawaheshimu sana.

Nilifurahi hata chakula hakikupita. Nilitaka kumpigia bibi saa ileile, nikajizuia. Nilijiambia nitampigia nikiwa nimekaa ubavuni mwa dada yake, ili nimpe simu wasikilizane sauti.

Tulikwenda Ijumaa baada ya Asri, mimi na mama wa bweni, kwa gari la mpwa wake. Nizwa tulikuta tende zimeiva, matawi yameinama kwa uzito. Tukakaribishwa upande wa wanawake, chumba kirefu chenye zulia na mito ukutani. Walikuwapo wakwe wawili, wake za wanawe yule dada yake bibi, niliyemwita bibi mkubwa, na mjukuu wake wa kike wa umri wangu, mwanafunzi kama mimi, aliyetumiminia kahawa na kutuletea tende kwenye sinia. Kisha mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa mama yangu. Mweupe zaidi, mzee zaidi, lakini paji la uso lilikuwa la mama, na alipokaa aliunyoosha mguu mmoja mbele kama bibi alivyokaa mkekani Muyinga. Nilijiona nimebeba zawadi ambayo hakuna mtu amewahi kuipokea, na sikuweza kungoja tena. Salamu zilipokwisha nilianza pale pale, kwa Kiarabu changu cha vitabu, nikiyatamka maneno vizuri ili wote wanielewe. Nilisema nimetoka Burundi. Nilisema bibi yangu ni mdogo wake, wamechangia mama. Nikalitaja jina la mama yao, na Mwakiro.

Wakwe waliacha kutafuna. Mjukuu alibaki na birika mkononi.

Bibi mkubwa aliweka mtandio wake vizuri. Hakukasirika. Alizungumza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Binti yangu, umekosea nyumba. Mimi nimetoka Unguja. Mama yangu alikuwa Mwarabu wa Unguja na alifia huko. Burundi siijui."

Nikafungua mdomo niseme tena, mama wa bweni akanibonyeza goti. Yeye aliyaokoa mazungumzo, akauliza habari za mavuno ya tende, za harusi fulani, na watu wakapumua. Tulikaa kiasi cha adabu, tukaaga. Bibi mkubwa alinyanyuka kutusindikiza hadi mlangoni, mkono kwenye bega la mjukuu wake. Nilipoinama kuubusu mkono ule, aliniambia kwa Kiswahili, sauti ya chini:

"Huko kwenu sasa ni baridi asubuhi. Ukifika, funika kifua."

Hakuna mtu pale ndani aliyekuwa amezungumza habari ya baridi. Aliyezaliwa Unguja angejuaje asubuhi za kiangazi zilivyo kwetu milimani?

Garini nililia. Mama wa bweni aliniacha nilie, kisha akasema, "Mwanangu, hapa mtu akitaka kuoa huulizwa mizizi, na mama asiye Mwarabu ni doa. Baba yake alipitia naye Unguja, na huko alipewa mama mwingine, Mwarabu, wa kusimuliwa watu. Akaolewa na habari hiyo, akazaa nayo, akaoza wanawe nayo. Leo afanyeje?"

Nilikuwa mtoto bado. Nilidhani ukweli ukiletwa nyumbani kwa watu hukaribishwa kama mgeni.

Nilirudi Gitega mwisho wa kiangazi. Baba alifurahi nilipomsomea aya na kumwambia maana yake neno kwa neno, majirani wakaja kunisikiliza. Bibi alikwisha kupiga simu akiuliza nitafika lini. Mama aliniambia nikitaka nimwambie sikumpata. Nilifikiri njia nzima, tangu tulipopita Karuzi mpaka basi lilipoingia Muyinga, na nilipomwona bibi kwenye mlango wake, amevaa kitenge cha sikukuu kwa ajili ya habari nilizomletea, ulimi wangu ulikataa kudanganya. Nilimweleza yote.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Alikuuliza habari ya mama yetu?"

"Hapana, bibi."

Alitikisa kichwa, akakunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua.

"We ulimwambia wapi? Mlikuwa wawili?"

"Tulikuwa wengi. Wakwe zake walikuwa pale. Mjukuu wake pia."

"Eh. Mtoto wangu." Hakupandisha sauti. "Ungemwita pembeni. Ungemwita tu pembeni, angekuuliza."

Kisha akaenda kunipakulia maharagwe, akanihimiza nile, akaniuliza habari za ndege na chakula cha Waarabu. Siku zile nilizokaa kwake hakumtaja tena, wala siku nyingine yoyote. Mama anasema ni afadhali, kwamba bibi alipata kujua dada yake ameishi vizuri, ana watoto, haumwi. Huenda. Lakini nilikuwa nimemwona kabla ya safari, jinsi uso wake ulivyong'aa alipotaja lile gauni jipya, na sikuuona tena uso ule. Zamani alikuwa na dada aliyechukuliwa. Mimi nilimletea dada aliyesema hamjui.

Yule mjukuu wa Nizwa alikuwa amechukua namba yangu kutoka kwa mama wa bweni. Alianza kuniandikia, kwanza salamu za Idi, kisha mambo ya chuo, kisha akaomba nimfundishe Kiswahili ili amshtue bibi yake mzaliwa wa Unguja. Hakuwahi kuzungumzia niliyoyasema siku ile. Nadhani waliambiwa nilichanganya majina. Nilimfundisha. Nilimtumia sauti yangu nikisema "umeamkaje" na "nakupenda", naye akanirudishia yake, ameyavunjavunja maneno. Aliniambia bibi yake alicheka mpaka akafuta machozi. Mara nyingi nilianza kuandika neno la kweli, nikalifuta. Halikuwa langu kulitoa mara ya pili.

Bibi alifariki Muyinga, msimu wa mvua, baada ya kuugua kifua siku chache. Tulimzika siku hiyohiyo. Wakati wa kupokea rambirambi mzee mmoja wa msikiti alimuuliza mama kama marehemu ameacha ndugu. Mama alinitazama, akajibu, "Hakuna."

Baadaye, tuliporudi Gitega, nilimwandikia rafiki yangu wa Nizwa mstari mmoja, kwamba bibi yangu wa Muyinga ametutoka. Sikuweka kitu kingine. Alinijibu kwa dua nzuri ndefu. Kesho yake akaandika tena:

"Nilimwambia bibi yangu kwamba yule mgeni wetu wa Burundi amefiwa na bibi yake. Aliniuliza kama ni kweli, nikamwambia ndiyo. Ameingia chumbani tangu jana, hataki chakula, na amevua dhahabu zake zote. Tunamuuliza anaumwa nini, hasemi. Wewe unadhani ni uzee tu?"

Nilikaa na simu hiyo kwenye benchi la baba, cherehani ikiendelea kulia pembeni yangu. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwishowe nilimwambia asimlazimishe kula, akae naye tu, na amfikishie salamu zangu za rambirambi.

"Rambirambi?" aliuliza. "Si wewe uliyefiwa?"

Sijamjibu mpaka leo.